Mvua ya asidi: moshi wa huku, hasara kule

Watu wengi wakisikia mvua ya asidi (wengine tulisoma shuleni kama mvua ya tindikali) wanapata picha ya mvua inayochoma ngozi, yaani ukinyeshewa unarudi nyumbani na malengelenge. Haiko hivyo. Ukinyeshewa huhisi kitu, haina rangi, ukiikinga kwenye ndoo unaona maji ya kawaida kabisa, na hapo ndo ubaya wake ulipo manake inafanya kazi taratibu kwenye udongo, kwenye mito na maziwa, kwenye mabati, miaka inapita afu watu wanashtuka samaki wameisha na hakuna anayekumbuka ilianza lini.

Tuanze na kipimo. Asidi inapimwa kwa pH, 7 ni katikati, ukishuka chini ya hapo ni asidi. Mvua safi nayo haiko 7, iko kama 5.6 hivi kwasababu ikiwa njiani inachukua kabonidayoksaidi ya hewani, kwahiyo asidi kidogo ni kawaida yake. Shida ni pale inaposhuka hadi 4.5 au 4.2. Usidharau hizo pointi, kila ukishuka namba moja nzima asidi inazidi mara 10, yaani mvua ya 4.6 ina asidi mara 10 ya ile ya 5.6.

Asidi ya ziada inaletwa hasa na gesi mbili. Kuna salfa dioksaidi, hii inatoka ukichoma kitu chenye salfa ndani yake: makaa ya mawe, mafuta mazito ya meli na mitambo, na mawe ya shaba yanapoyeyushwa kwenye matanuru. Afu kuna oksaidi za naitrojeni ambazo zinatoka popote penye moto mkali sana, injini za magari, mitambo ya umeme, kwasababu kwenye joto lile naitrojeni ya hewa yenyewe inaungana na oksijeni. Zikipanda juu zinakutana na oksijeni na unyevu, zinageuka kuwa asidi ya salfuriki na asidi ya naitriki, zinashuka na mvua, ukungu, theluji, na hata kama vumbi kavu bila tone la maji. Huko juu zinaweza kukaa siku kadhaa, na siku kadhaa za upepo ni mamia ya kilomita, kwahiyo anayechoma na anayeumia mara nyingi sio mtu mmoja. Kwangu mimi hili ndo jambo la kwanza la kuelewa kwenye mada hii, mengine yote yanafuata hapo.

Aliyeligundua tatizo hili mapema ni mkemia Robert Angus Smith, aliyepima mvua ya Manchester kule Uingereza mwaka 1852, enzi za viwanda vya makaa ya mawe, na kwenye kitabu chake cha 1872 ndo akaipa jina la mvua ya asidi. Dunia haikumsikiliza sana. Karne iliyofuata watu walipolalamikia moshi, viwanda vikajenga mabomba ya moshi marefu zaidi, mfano kule Sudbury, Kanada, mwaka 1972 lilikamilika bomba la mita 381 kwenye kiwanda cha kuyeyusha nikeli na shaba. Mji ukapumua kidogo, lakini gesi ilikuwa ileile, imepelekwa tu mbali. Bomba refu halipunguzi hata gramu moja ya salfa. Tayari mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasayansi Svante Odén wa Sweden alikuwa ameonyesha kwamba asidi inayoharibu maziwa ya kwao inasafirishwa na upepo kutoka Uingereza na viwanda vya Ulaya ya kati, na Marekani nako mtafiti Gene Likens na wenzake waliopima mvua ya msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, kuanzia 1963, walikuta pH kama 4 katikati ya msitu, mbali na viwanda.

Sasa inaua vipi? Samaki mara nyingi wanauawa na kitu kingine ambacho asidi imekiamsha. Udongo una aluminiamu nyingi lakini imefungwa, haimdhuru mtu, asidi ikiingia inaifungua, inateremka hadi mtoni, inaganda kwenye matamvua ya samaki anashindwa kupumua. Maji yakifika pH 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, kwahiyo unaweza kuona ziwa lina samaki wakubwa tu, hakuna vifaranga, ukadhani liko salama kumbe ndo linakufa. Konokono wanatoweka mapema zaidi manake hawawezi kujenga gamba. Kwa miti, asidi inasomba kalsiamu na magnesiamu, yaani chakula chenyewe cha mti, halafu baridi au wadudu wakija unakuwa hauna nguvu. Ila ardhi hazilingani, penye mawe ya chokaa asidi inazimwa palepale, penye mawe ya granaiti kama Skandinavia hakuna cha kuizima, ndo maana wao walilia mapema. Marumaru na majengo ya mawe ya chokaa nayo yanalika, na mabati yanapata kutu haraka.

Huku kwetu mfano wa karibu ni Lubumbashi, Kongo (DRC). Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza pale 1911, na kwa kuwa upepo mwingi unatoka kusini-mashariki, upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda msitu uliisha, udongo ukabaki na asidi pamoja na shaba na metali nyingine, na sehemu zingine hadi leo panaota majani machache tu yanayovumilia sumu. Watu wanaishi kwenye ukanda huo. Kinaniuma kwamba vitabu vyetu vya shule vinatupeleka Ujerumani kutafuta mfano wakati huu uko hapa, kwenye mji wa Waswahili.

Goma, mashariki mwa Kongo hiyohiyo, ni habari tofauti, pale chanzo ni milima ya volkano yenyewe. Nyiragongo na Nyamuragira zinatoa salfa dioksaidi nyingi sana bila kiwanda chochote, moshi unaelekea zaidi magharibi, mvua inashuka na asidi, mazao yanaungua majani, na watu wa vijiji vile wanategemea maji ya kukinga kwenye mabati. Moshi wa volkano una floraidi pia, inayoharibu meno na mifupa, na kuchemsha maji hakuiondoi. Volkano huwezi kuiwekea sheria, kwahiyo pale dawa ni kufunika matangi moshi ukishuka, kumwaga mvua ya kwanza, na zaidi ya yote kuwapa watu maji ya bomba.

Ya binadamu inazuilika, na njia ni kuikamata gesi kabla haijatoka. Kwenye mitambo ya umeme moshi unapitishwa kwenye maji ya unga wa chokaa, salfa inanaswa na kugeuka jipsam, ambayo inaweza kutumika kutengeneza zile bodi za dari. Kwenye shaba ni rahisi zaidi, gesi inageuzwa asidi ya salfuriki ambayo migodi yenyewe inaihitaji kuchenjulia madini. Magari yanawekewa kifaa kwenye ekzosi kinachogeuza oksaidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Afu kuna mafuta yenyewe: mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na tangu Januari 2020 meli za kimataifa, pamoja na zinazoingia Mombasa na Dar, zimeshushwa kutoka salfa asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa zenye mtambo wa kusafisha moshi.

Na sheria zinafanya kazi. Ulaya walisaini mkataba wao Geneva mwaka 1979, Marekani wakabadilisha sheria ya hewa safi 1990, wakaweka kikomo cha salfa kwa mitambo yote na ruhusa ya kuuziana nafasi chini ya kikomo hicho, na salfa dioksaidi ya mitambo yao ya umeme imeshuka zaidi ya asilimia 90. Afrika bado, mitambo mingi ya makaa ya mawe kule Mpumalanga, Afrika Kusini, haina kifaa cha kunasa salfa.

Ila udongo haurudi haraka kama hewa. Sweden wamekuwa wakimwaga chokaa kwenye maelfu ya maziwa tangu miaka ya 1970, na pale Hubbard Brook, mvua ikiwa tayari imeanza kuwa nzuri, mwaka 1999 watafiti walifanya jaribio la kumwaga madini ya kalsiamu kwa helikopta juu ya bonde moja zima la msitu, ndipo miti ya mepo (kwa Kiingereza maple) ikaanza kupata nguvu tena.