Nyumba ya pwani ya Hispania: yanayosemwa na yalivyo

Makumi ya maelfu ya wageni hununua nyumba Hispania kila mwaka, na sehemu kubwa yao hutafuta ukanda uleule wa Mediterania: Costa Blanca kuzunguka Alicante na Torrevieja, Costa Cálida ya Murcia, fukwe za Almería, na Costa del Sol kutoka Nerja hadi Estepona. Mswahili anayeishi London au Muscat na kuanza kupiga hesabu za nyumba huko hukutana na maneno mengi kabla hajakutana na karatasi hata moja. Mengi ya maneno hayo yamepitwa na wakati, na mengine hayakuwahi kuwa kweli.

Nikiyachambua naona mzizi mmoja: mnunuzi anaamini kuna mtu mwingine aliyekwisha kumkagulia. Hispania ina sheria nzuri za ardhi na rejista inayoaminika, lakini ukaguzi ni kazi ya mnunuzi, tena kabla hajatoa pesa.

“Ukinunua nyumba unapata na ukaazi”

Hili lilikuwa na ukweli ndani yake mpaka juzi. Sheria ya mwaka 2013 ilimpa kibali cha ukaazi mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aliyewekeza angalau yuro 500,000 kwenye nyumba. Mlango huo ulifungwa tarehe 3 Aprili 2025. Ukikuta tangazo linaloahidi viza pamoja na nyumba ya Marbella, tangazo hilo ni la zamani au mwenye nalo anakudanganya.

Sasa nyumba na viza ni mambo mawili yasiyohusiana. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania bado anahitaji viza ya Schengen ili akalale kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwenye pasipoti ya Uingereza haihitaji kwa ziara fupi, ila tangu Januari 2021 naye anahesabiwa kama mtu wa nje: siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Kuanzia Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani umeanza kuchukua alama za vidole na picha, na hesabu ya siku inawekwa na kompyuta. Zile hadithi za kupitiliza wiki mbili bila mtu kujua zinakwisha.

Anayetaka kuishi huko bila kufanya kazi anaweza kuomba viza ya wasiofanya kazi, inayodai kipato cha karibu yuro 2,400 kwa mwezi kwa mwombaji mkuu, na nyongeza kwa kila mtegemezi. Kumiliki nyumba hakuhesabiwi kama kipato.

Upo pia uvumi wa upande wa pili, kwamba mgeni akinunua sasa anatozwa kodi ya 100%. Waziri Mkuu Pedro Sánchez alitangaza wazo hilo Januari 2025, na Mei mwaka huo chama chake kikapeleka muswada bungeni. Kutangaza na kupeleka muswada si kupitisha sheria. Muulize mwanasheria hali ilivyo siku unayonunua, usiulize kundi la WhatsApp.

“Notari amegonga muhuri, kila kitu kiko safi”

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Notari wa Hispania ni ofisa wa umma mwenye hadhi kubwa. Anathibitisha utambulisho wenu, anahakikisha pesa ilipitia njia inayoonekana, anaangalia nani ameandikishwa kama mmiliki na kama kuna rehani, kisha anasoma hati ya mauziano mbele yenu. Lakini yeye si wakili wako. Haendi kuangalia kama bwawa la kuogelea lilipata kibali, haendi kupima kiwanja, wala si kazi yake kukuuliza kama bei ni ya haki. Isitoshe, mnapofika mezani kwake kwa kawaida mmeshafungana kwa mkataba wa arbuni.

Mkataba huo, *contrato de arras*, ndio wenye meno. Kwa desturi ni 10% ya bei. Kifungu cha 1454 cha Sheria ya Madai ya Hispania kinasema mnunuzi akijitoa anapoteza arbuni yake, na muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Kwa nyumba ya yuro 200,000 hiyo ni yuro 20,000 iliyokwenda kwa sababu ulisaini Jumamosi jioni ukiwa likizo, kabla benki haijakukubalia mkopo. Mwanasheria mzuri huandika sharti kwamba mkopo ukikataliwa, au ukaguzi ukionyesha kasoro ya kisheria, arbuni inarudi. Bila sharti hilo usitoe kitu.

Dalali naye asichukuliwe kama mlinzi wako. Hakuna leseni moja ya udalali wa nyumba inayolazimishwa Hispania nzima. Baadhi ya majimbo, kama Catalonia na Valencia, yana rejista za lazima, kwingine mtu hufungua ofisi akaanza kuuza. Akikwambia “tunaye mwanasheria wetu, usijisumbue”, shukuru, kisha tafuta wako. Awe ameandikishwa kwenye chama cha mawakili cha mkoa na asiwe na mgao wowote katika mauzo hayo. Malipo yake mara nyingi huwa karibu 1% ya bei.

Karatasi ya kwanza kuomba ni *nota simple* kutoka Registro de la Propiedad, yaani rejista ya ardhi na nyumba. Inagharimu yuro kumi hivi, na inaonyesha mmiliki, rehani, na madai yaliyoandikishwa. Lakini rejista inakwambia nani anamiliki, haikwambii kama kilichojengwa kilijengwa kihalali. Hilo liko halmashauri ya mji, kwenye idara ya mipango miji, na huko ndiko wengi hawafiki.

Huko Vera, mkoani Almería, Januari 2008 nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa na mashine kwa amri ya serikali ya jimbo la Andalucía. Hawakuwa wavamizi. Walikuwa na kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri yenyewe. Jimbo lilikipinga kibali hicho kwa hoja kwamba ardhi ile haikuruhusiwa kujengwa makazi, na kikafutwa. Watu wanapoambiwa kisa hiki hudhani ni ajabu ya mara moja, ilhali maelfu ya nyumba za mashambani katika mabonde ya Almería na vilima vya Axarquía juu ya Málaga zilijengwa katika hali kama hiyo, na Andalucía imelazimika kutunga sheria za kuzipa utambulisho wa kiasi: ziachwe zilipo, zipate maji na umeme, ila nyingi haziruhusiwi kupanuliwa. Nyumba ya mashamba yenye mandhari nzuri na bei ya chini kuliko majirani inastahili swali hili kabla ya yote: ardhi yake imepangiwa nini?

Ukiwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya na unataka shamba au nyumba ya nje ya mji sehemu za Cartagena, huko Murcia, kuna la ziada: kibali cha jeshi. Sheria hiyo ni ya mwaka 1975 na inahusu maeneo yanayohesabiwa kuwa nyeti kwa ulinzi. Kibali hupatikana, lakini huchukua miezi.

“Nyumba iliyogusa mchanga ndiyo bora”

Hispania ilipitisha Sheria ya Pwani, *Ley de Costas*, mwaka 1988, ikatamka kwamba ufuo ni mali ya umma. Nyumba zilizokutwa ndani ya mstari wa umma hazikubomolewa zote. Wenyewe waligeuzwa kutoka wamiliki kuwa watu waliopewa ruhusa ya kukaa kwa muda. Marekebisho ya mwaka 2013 yalirefusha ruhusa hizo hadi kufikia miaka 75, lakini ruhusa inabaki kuwa ruhusa, na ina siku yake ya mwisho. Nyuma ya mstari huo kuna ukanda wa ulinzi wa mita 100, unaopungua hadi mita 20 pale palipokuwa mji tayari mwaka 1988. Ndani yake huwezi kujenga makazi mapya, na hata ukarabati una masharti.

Playa Babilonia, huko Guardamar del Segura mkoani Alicante, kulikuwa na safu ya nyumba zilizojengwa ufuoni miaka ya 1930 kwa ruhusa ya serikali. Familia zilirithishana. Bahari ikala mchanga, mawimbi yakafika ukutani, muda wa ruhusa ukaisha, na serikali ikakataa kuuongeza. Anayeuza nyumba ya aina hii anauza miaka iliyobaki. Mwambie mwanasheria wako aombe cheti cha ofisi ya pwani kinachoonyesha mstari wa mpaka unapita wapi.

Maji hayatoki baharini tu. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 mkoani Valencia yaliua watu zaidi ya 220, na miji iliyoumia zaidi, kama Paiporta, haiko ufuoni. Mito mingi ya pwani hii hukaa mikavu miezi na miezi, na mgeni anaweza kudhani lile ni bonde tu. Ramani za taifa za maeneo ya mafuriko ziko wazi mtandaoni bila malipo. Weka anwani uangalie. Kisha kata bima. Hispania ina mfuko wa umma, Consorcio de Compensación de Seguros, unaofidia mafuriko makubwa, ila unamfidia mwenye bima iliyo hai. Asiye na bima hana wa kumdai.

“Bei iliyoandikwa ndiyo nitakayolipa”

Ongeza 10% hadi 13%. Kwa nyumba iliyowahi kumilikiwa, kodi ya uhamisho peke yake ni 7% Andalucía. Alicante ilikuwa 10% kwa miaka mingi, ikapangwa kushuka hadi 9% kuanzia Juni 2026. Nyumba mpya hutozwa VAT ya 10% na ushuru wa hati juu yake. Halafu notari, rejista, mwanasheria. Benki za huko humkopesha asiye mkazi asilimia 60 hadi 70 tu ya thamani. Kwa nyumba ya yuro 200,000 inabidi uwe na yuro 80,000 hadi 106,000 zako mwenyewe, na benki itataka kuona zilitoka wapi: hati za mishahara, mauzo ya kiwanja, taarifa za akaunti. Pesa iliyokusanywa kwa ndugu kidogo kidogo bila karatasi itakukwamisha, hata kama ni halali kabisa.

Madeni nayo hufuata nyumba. Ukinunua fleti, unabeba ada za jengo ambazo muuzaji hakuzilipa za mwaka huo na miaka mitatu iliyotangulia. Muuzaji anapaswa kuleta cheti cha msimamizi wa jengo. Kuna wanaokubali kusaini bila cheti ili mambo yaende haraka, usikubali. Muuzaji akiwa si mkazi wa Hispania, wewe mnunuzi unatakiwa uzuie 3% ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi ndani ya mwezi mmoja. Usipofanya hivyo, nyumba yako ndiyo inayobaki na dhima.

Hata ukiifunga nyumba mwaka mzima, kodi ipo. Asiye mkazi hutozwa kama vile nyumba inamwingizia kitu: 1.1% au 2% ya thamani ya kiserikali, kisha 24% ya hapo kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya. Thamani hiyo ikiwa yuro 80,000 kwa kiwango cha 1.1%, ni kama yuro 211 kwa mwaka. Si nyingi. Lakini hakuna ankara itakayokufikia, unatakiwa ujaze fomu mwenyewe, na wengi hugundua siku ya kuuza.

“Watalii watailipa”

Fanya hesabu zako kana kwamba hawatakuja. Tangu Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha fleti kwa watalii anahitaji idhini ya jengo kwa kura za tatu ya tano, na tangu Julai mwaka huo lazima awe na namba ya usajili ndipo tangazo likae mtandaoni. Barcelona imetangaza kutoongeza muda wa leseni zake zote zaidi ya 10,000 ifikapo Novemba 2028. Wenyeji wa Málaga wameandamana kwa sababu kodi za kupanga nyumba zimewashinda. Nawaelewa. Anayenunua huko anaingia katikati ya ugomvi ambao wenyeji wana haki nao.

“Nikifa watoto watachukua”

Watachukua, lakini kwa sheria ya nani? Kanuni ya Ulaya inayotumika tangu Agosti 2015 husema ni sheria ya nchi uliyokuwa ukiishi. Ikiwa ni Uingereza, sheria ya huko huirudisha nyumba kwenye sheria ya mahali ilipo, na unaweza kujikuta ndani ya mirathi ya Kihispania, ambayo kwa sehemu kubwa ya nchi huwatengea watoto theluthi mbili. Kinga ni wasia unaotamka kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Mzanzibari au Mwomani anayetaka faraidhi aseme hivyo kwa maandishi, akijua kwamba mahakama ya Hispania inaweza kukataa kipengele inachokiona kinabagua kwa jinsia. Wasia uandikwe mbele ya notari wa huko ili uingie kwenye rejista kuu ya wasia mjini Madrid. Kodi ya mirathi hudaiwa ndani ya miezi sita tangu kifo, na maombi ya kuongezewa muda hupokelewa katika miezi mitano ya mwanzo tu, kwa hiyo watoto wajue mapema karatasi ziko wapi na wampigie nani.