Wageni wa tovuti yako wapo, ila hawahesabiwi

Ofisi moja ilitujia na malalamiko: wananchi wanafungua tovuti, wanaona ukurasa wa mwanzo, kisha wanaondoka. Takwimu zilionesha hivyo kweli. Lakini fomu zilizokuwa ndani ya tovuti hiyohiyo zilipakuliwa kila siku. Hakuna aliyekuwa anaondoka.

Tovuti ile ilijengwa kwa React, maktaba ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Ukibofya kiungo kwenye tovuti ya aina hiyo, kivinjari hakiombi ukurasa mpya kwa seva. JavaScript hubadilisha yaliyomo na kuandika anwani mpya pale juu. Msimbo wa Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, ule wenye kitambulisho kinachoanza na G, huhesabu ukurasa pale tovuti inapofunguka. Kurasa zinazofuata huzihesabu tu ukiruhusiwa kufuatilia historia ya kivinjari, na ofisi ile ilikuwa imezima mpangilio huo.

Washeni mpangilio huo, au fundi atume mwenyewe tukio la page_view, yaani taarifa kwamba ukurasa umetazamwa, kila anwani inapobadilika. Msifanye yote mawili, maana kurasa zitahesabiwa mara mbili. Kosa hili naliogopa kuliko lile la kwanza: namba kubwa hufurahisha, na hakuna anayezihoji. Kulijaribu ni rahisi. Fungua tovuti kwenye simu, ripoti ya muda halisi iwe wazi kwenye kompyuta, kisha gusa Ada, Fomu, Mawasiliano. Pamoja na mwanzo, zihesabiwe kurasa nne. Zikiwa saba au nane, mmejidanganya.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa kwenye anwani zenyewe. Kisanduku cha kutafuta kiliweka namba ya simu ya mwananchi kwenye anwani, baada ya alama ya kuuliza, na anwani nzima ikatumwa ilivyo kwa kampuni ya takwimu. Sehemu hiyo lazima ikatwe kabla ya kutuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi.

Idhini nayo iombwe mapema. Kidakuzi cha _ga, faili dogo ambalo Google Analytics hulitumia kumtambua mgeni, hukaa kwenye kivinjari hadi miaka 2, kwa hiyo msimbo upakiwe baada ya mgeni kubofya "Nakubali". Tovuti nyingi huuliza huku msimbo umeshaanza kazi. Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao (Network), upakie ukurasa upya bila kugusa kitufe. Ukiona ombi lenye neno collect, yaani lile linalopeleka takwimu, limeshaondoka, mwiteni fundi leo hii.