Kwa nini mlango wa mbao hukwama masika, na ule wa kuteleza kwenye reli haukwami?

Mlango wa chumbani unaokwaruza fremu mwezi Februari mjini Tabora, uache kama ulivyo hadi Agosti, utafunguka kwa kidole. Hakuna fundi aliyeugusa. Mvua za Novemba zikirudi, unaanza tena kubana.

Lawama humwendea seremala: alitumia mbao mbichi. Mbao mbichi ni tatizo la kweli, na anayeziuza kama kavu anamuumiza mteja, ila tatizo lake ni jingine. Mbao mbichi husinyaa kadiri inavyokauka. Mlango wake hupinda, hupasuka au huacha mwanya kwenye fremu. Mlango unaobana masika na kulegea kiangazi, mwaka baada ya mwaka, kwa kawaida umetengenezwa kwa mbao iliyokauka vizuri kabisa.

Kinachopotosha ni imani kwamba mbao ikishakauka haitarudi nyuma. Hurudi. Mbao hupokea na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ikiwa imekaa ukutani miaka mia. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 ikidumu, maji ndani ya mbao hutulia kwenye asilimia 8 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikipanda hadi asilimia 80 na kubaki hapo, mbao hupanda hadi karibu asilimia 16. Vanishi na rangi huchelewesha safari hiyo, hazikatizi. Tena mafundi wengi hupaka pande mbili zinazoonekana wakaacha ukingo wa juu na wa chini, na hapo ndipo mbao hunywa kwa kasi kuliko kwingine kote.

Watu wa Tabora watasema mninga hauna tabia hiyo. Sifa ya mninga ni ya haki: ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana, na ndiyo maana miti yake imewindwa mno katika miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua. Lakini kucheza kidogo si kutocheza.

Kosa la gharama huja na randa. Mlango ukikwama Februari, fundi huitwa, anaparua ukingo hadi ufunge vizuri. Agosti mbao inasinyaa, na ile nafasi iliyoparuliwa inabaki wazi kwa vumbi na mbu. Mbao iliyoondolewa na randa hairudishwi na mvua.

Sasa, mlango huvimba kwa upana na unene; urefu wake karibu haubadiliki. Chukua mzigo wa mabua ya mtama uliofungwa kwa kamba isiyokazwa sana. Ingiza maji katikati ya mabua, kila bua lisukumane na jirani yake: mzigo unanenepa. Urefu wa mabua unabaki uleule, kwa kuwa hakuna kilichoingia kati ya ncha na ncha. Ukuta wa kila seli ya mbao umejengwa hivyo, kwa nyuzi nyembamba mno ambazo nyingi zimelala kufuata shina. Maji hujipenyeza kati ya nyuzi na kuzitenganisha ubavuni. Unyevu wa ndani ya mbao ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, mbao nyingi za kawaida zinaweza kutanuka kiasi cha asilimia 2 kwa upana. Katika mlango wa mbao tupu wa sentimita 90 hiyo ingekuwa karibu milimita 18, kama unyevu ungefika hadi kiini. Mara nyingi haufiki. Lakini mwanya wa kwenye fremu ni milimita 3 au 4 tu, na huo huisha mapema.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Mlango wa paneli huachia kila paneli ichezee ndani ya mfereji wake bila gundi. Milango ya nakshi ya pwani, ambayo mtindo wake ulisafiri na misafara hadi Kwihara na Ujiji, hugawanywa sehemu mbili nyembamba zinazokutana kwenye mfaa, ule ubao wa wima wa katikati.

Mlango wa reli unaondoa ugomvi wenyewe. Wakulima wa Marekani waliufunga kwenye maghala ya kuhifadhia nyasi, ambako lango pana la bawaba lingelegea kwa uzito na kupigwa na upepo. Haukai ndani ya fremu: unaning'inia kwenye reli mbele ya ukuta na kufunika uwazi kwa sentimita 5 za ziada kila upande. Ukivimba milimita 8, hakuna cha kugusa.

Uzito ndio wa kuhofiwa. Mlango wa mninga wa mita 2.2 kwa 1, unene wa sentimita 4, unazidi kilo 50, na zote zimetundikwa kwenye boliti chache. Tofali la kuchoma, hasa likitobolewa karibu na ukingo, hupasuka. Nyumba nyingi za sasa zina bahati hapa: lenta ya zege hupita juu kidogo ya uwazi wa mlango, palepale reli inapotakiwa. Boliti ziingie humo, zikikwepa nondo. Nyumba ya tofali mbichi isiyo na lenta haifai, labda kwanza ijengewe nguzo za kubeba reli. Reli ilazwe kwa pima maji, iwe na vizuizi miisho yote, na ukuta wa pembeni uwe mtupu kwa upana wote wa mlango, bila swichi wala dirisha. Chini panahitajika kishikio kidogo sakafuni, mlango usipigepige ukuta.

Mbao za wima zisigundishwe kwenye mbao za kukingama zinazozishika kwa nyuma. Zifungwe kwa skrubu kwenye matundu marefu kidogo, la sivyo zitavimba, zikose pa kwenda na kupasuka.

Kwa choo au bafu usiuweke. Kati ya mlango na ukuta hubaki nafasi ya sentimita moja hivi, na sauti, harufu na mvuke hupita. Mlango wa mbele nao ubaki wa bawaba na kitasa. Wa reli unafaa stoo, au kati ya sebule na chumba cha kulia.