Kukodisha seva za gemu: unapangisha nini hasa?

Vijana watano wanajenga mji ndani ya Minecraft, gemu la kujenga na kulima pamoja mtandaoni. Mmoja yuko Mbeya, wawili Dar es Salaam, mmoja Nairobi, wa tano anasoma Ujerumani. Saa tano usiku yule wa Mbeya anazima kompyuta akalale. Kama mji ulikuwa unaendeshwa kwenye kompyuta yake, umelala naye, na wenzake wanne wamejikuta nje. Wanahitaji mahali pengine pa kuuweka, mahali pasipolala. Kuna watu wanaoishi kwa kupangisha mahali hapo, na biashara yao ndiyo inayoitwa kukodisha seva za gemu.

Neno seva lenyewe linachanganya. Wengi wakilisikia huwaza kichuma kikubwa chenye taa zinazomemeta na feni zinazovuma. Hiyo ni mashine tu. Seva ya gemu ni programu inayokaa ndani ya mashine, haina picha wala sauti, na kazi yake ni kushika ukweli: nani amesimama wapi, jiwe gani limevunjwa, nani alimpiga mwenzake kwanza. Kompyuta na simu za wachezaji huuliza, seva hujibu, nazo huchora zilichoambiwa. Mashine moja inaweza kubeba seva nyingi za namna hiyo, na faida yote ya biashara hii inatoka hapo.

Mfanyabiashara anatafuta mashine yenye nguvu, iliyo mahali ambapo umeme na intaneti havikatiki ovyo, anaigawa vyumba, anapangisha kila chumba kwa mwezi. Wengi wanaoanza hawamiliki hata skrubu moja. Wamekodi mashine nzima kutoka kampuni kubwa, kama OVH ya Ufaransa au Hetzner ya Ujerumani, halafu wanaiuza rejareja. Ni wapangaji wenye wapangaji.

Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, ataelewa yanayofuata bila shida. Mnachanga sawa, lakini chumba cha tatu kuna jamaa anayepikia jiko la umeme, na uniti zikiisha giza ni la wote.

Kwenye seva, uniti hizo ni muda wa prosesa, ubongo wa mashine unaofanya hesabu. Minecraft hupiga hatua 20 kila sekunde. Wachezaji huziita tiki. Mimi huziona kama mapigo ya moyo. Katika kila pigo seva ina milisekunde 50 za kusogeza ng'ombe, kuotesha ngano, kutiririsha maji na kumjibu kila aliyebonyeza kitu. Ikimaliza ndani ya muda, hakuna anayejua kama ipo. Kazi ikichukua milisekunde 80, mapigo yanashuka hadi 12 na nusu kwa sekunde, na hapo mlango unafunguka baada ya kuupita na mnyama uliyemuua anaendelea kutembea. Mteja atakwambia gemu "ina-lag". Hatakwambia kwamba yeye mwenyewe ameweka kuku 600 kwenye banda moja.

Tena kazi kubwa ya Minecraft inapita kwenye mstari mmoja, kama benki yenye wahudumu thelathini lakini dirisha moja tu la kutoa pesa. Kwa hiyo prosesa yenye kori 32, yaani wahudumu 32, za mwendo wa pole inaweza kushindwa na yenye kori 8 za kasi. Wanaoanza hununua mashine kwa kuhesabu kori na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kisha wanashangaa kwa nini wateja wanakimbia. Sijaona kosa linalorudiwa zaidi ya hili.

RAM nayo inahesabika kwa kalamu. Tuseme mashine ina GB 64. Acha 4 za mfumo wenyewe, zinabaki 60, yaani vyumba 15 vya GB 4. Hapo kishawishi huingia: si wote wanacheza kwa wakati mmoja, kwa nini usiuze vyumba 22? Kwa upande wa prosesa hoja hiyo ina ukweli, ndiyo maana karibu kila mtu katika kazi hii huuza zaidi kidogo ya alichonacho. Kwa upande wa RAM ni hatari. Toleo la Minecraft la kompyuta huendeshwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na Java ikishachukua kumbukumbu ni nzito kuirudisha hata wachezaji wakiondoka. Subiri Ijumaa jioni shule zimefungwa, wapangaji wote 22 wako ndani.

Kuna umbali pia, ambao hauna mjadala. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kila kitu kikienda sawa, na mkongo haupiti mstari ulionyooka, unazunguka baharini. Ndiyo maana namba ya ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, anayoiona mchezaji wa huku kwenye seva ya Ulaya huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa anayejenga nyumba na kulima ngano, anavumilia. Kwa anayelenga bunduki kwenye Counter-Strike, ni kama kupigana ngumi na mtu anayekuona kabla hujamwona.

Basi weka mashine Nairobi au Dar es Salaam? Vituo vya data vipo, na vipo pia vituo vya kubadilishana mawasiliano, KIXP kwa Kenya na TIX kwa Tanzania, ambako mitandao ya ndani hukutana ili ujumbe wa Kariakoo kwenda Mikocheni usilazimike kwanza kuzuru Ulaya. Ukaribu huo ndio silaha pekee ambayo kampuni kubwa za nje haziwezi kuinunua kwa punguzo la bei. Lakini gharama za kuweka mashine hapa ni nzito kwa mtu mwenye wateja kumi, na mikongo nayo ina siku zake: Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya ukanda huu ikadorora. Siku kama hiyo seva ya ndani inabaki karibu na wachezaji wa ndani, ila yule kijana wa Ujerumani ndiye anayeteseka. Ningeanza na mashine ya Ulaya ya kukodi na wateja wa Minecraft, nikihamia huku vyumba vikishajaa. Mwingine ataona tofauti.

Nimetaja Minecraft mara nyingi kwa sababu si kila gemu linapangishika. Free Fire, PUBG Mobile na eFootball, ambazo vijana wengi wanacheza kwenye simu, huendeshwa na wenyewe. Programu ya seva hawaitoi kwa mtu, basi huna cha kupangisha. Minecraft, Counter-Strike, Rust, ARK na Palworld zinatoa. Kwa soko la simu bado kuna mlango mmoja: Minecraft ya simu, iitwayo Bedrock, na programu huria ya Geyser inayomwezesha mchezaji wa Bedrock kuingia seva ya Java. Ukiwa na wateja wenye simu kuliko kompyuta, hiyo ndiyo ya kujifunza kwanza.

Ruhusa nayo ina masharti. Seva ya Minecraft ikiwashwa mara ya kwanza hugoma, mpaka mwenyewe afungue faili dogo liitwalo eula.txt na kuandika kwamba amekubali masharti. Mwaka 2014 Mojang, watengenezaji wa Minecraft, walisema wazi kwamba mwenye seva anaweza kutoza kiingilio au kuuza mapambo, lakini asiuze upanga unaompa mwenye pesa ubavu juu ya asiye nazo. Hilo linamhusu mpangaji wako zaidi, ila malalamiko yakija, mlango wa kwanza kugongwa ni wako.

Kugawa vyumba hakuhitaji kuandika programu upya. Pterodactyl ni paneli huria inayotumiwa na wengi: humpa kila mteja ukurasa wa kuwasha, kuzima na kupandisha mafaili yake, na humfungia kila mmoja ndani ya kuta za Docker, programu ya kutenganisha programu nyingine, asifikie vya jirani. Kuisimika ni kazi ya wikendi moja kwa anayeijua Linux, mfumo unaoendesha mashine hizi. Kwa asiyeijua, wikendi hiyo ni ndefu sana, na ni heri aijue kabla hajachukua pesa ya mtu.

Kuta hizo zina maana. Desemba 2021 iligundulika tundu katika Log4j, kipande cha programu kinachotumiwa na Java duniani kote, Minecraft ikiwemo. Mtu aliweza kuandika mstari mmoja kwenye soga ya gemu, na seva ikatii amri yake. Waliokuwa macho walirekebisha usiku ule ule. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyoonekana kwenye tangazo la bei.

Halafu kuna mashambulizi. Mchezaji aliyefukuzwa, au mshindani, hukodi jeshi la vifaa vilivyotekwa na kuifurikisha seva kwa maombi ya uongo mpaka ikwame. Septemba 2016 OVH ilipigwa kwa namna hiyo, mafuriko yakikaribia terabiti 1 kwa sekunde, kutoka kwenye kamera za usalama na vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa kirusi kiitwacho Mirai. Waliokitengeneza ni vijana watatu wa Kimarekani waliotokea kwenye ulimwengu wa seva za Minecraft, na wawili wao walikuwa na kampuni ya kuuza kinga dhidi ya mashambulizi hayo hayo. Walikiri mahakamani mwaka 2017. Somo kwa mnunuzi wa mashine ni la kawaida kabisa: uliza kinga dhidi ya mafuriko imo kwenye bei au la, kabla ya kuuliza RAM.

OVH hao hao, Machi 10, 2021, jengo lao moja huko Strasbourg liliungua. Seva 25 za Ulaya za gemu la Rust ziliteketea na data yake haikurudi. Kwa hiyo bekapu inayokaa kwenye mashine ile ile, au jengo lile lile, usiihesabu kuwa bekapu.

Malipo kwa M-Pesa na wenzake yana faraja moja kwa muuzaji: mteja hawezi kucheza mwezi mzima kisha akaiambia benki kwamba kadi yake iliibwa, ujanja unaowaumiza sana wauzaji wa nje. Ubaya ni kwamba makato ya kujirudia yenyewe bado hayajazoeleka. Kila mwezi unamkumbusha kijana ambaye fedha yake inatoka kwa mama.

Naye ataacha. Seva nyingi za marafiki huchangamka wiki chache, wakachoka, kodi ikakoma. Vyombo bado viko ndani ya chumba: mji wa miezi minne, GB 3 za dunia ambayo hakuna nakala yake kwingine. Ukiviweka milele, diski inajaa. Ukifuta siku ya pili, wiki ijayo shule zinafungwa naye anarudi na pesa mkononi. Amua siku ni ngapi, 14 kwa mfano, iandike kwenye masharti kabla ya mteja wa kwanza, na siku ya 12 mtumie ujumbe wenye kiungo cha kupakua mji wake.