"Nimeshaweka 300 dpi" na maneno mengine yanayoharibu kazi za printi

Kuna sentensi moja nikiisikia tu najua kazi imeshaharibika kabla karatasi haijaingia kwenye mashine: "usijali, picha nimeibadilisha nimeweka 300 dpi." Kila wiki. Na anayeisema anakuwa na uhakika kabisa, yani ukimwambia haifai anaona unamsumbua makusudi.

Jamani dpi siyo ubora uliojificha ndani ya picha unasubiri mtu aubonyeze utoke. Picha ina piseli, yani vile vidoti vya rangi vinavyoitengeneza, basi, zikiwa chache ni chache, na hiyo 300 inasema tu kwamba kila inchi ya karatasi zitapangwa piseli 300. Kwahiyo swali ni moja tu, una piseli ngapi na unataka uchapishe kwa ukubwa gani.

Chukua logo ya piseli 400 kwa upana, ile mtu kaisevu kutoka kwenye website yake mwenyewe, halafu anataka ijaze upana wa bango la A3 lililosimama. Huo upana ni sm 29.7, kama inchi 11.7 hivi. Gawanya 400 kwa 11.7 unapata 34, sio 300, thelathini na nne. Sasa ingia Photoshop, fungua pale pa kubadilisha ukubwa wa picha, kwenye Resolution futa 72 iliyokuwepo andika 300. Kama kile kiboksi cha Resample hakina tiki, picha inabaki na piseli zake zilezile 400 ila sasa itachapika kwa upana wa sm 3.4 tu. Kama kina tiki, programu inakupandishia upana mpaka piseli 1667, na hizo zilizoongezeka imezibuni yenyewe kwa kuchungulia rangi za jirani zake, ndo maana ukizumu unakuta kingo za herufi zina ukungu na vile vijidoa vya JPEG navyo vimekuwa vikubwa. Faili limenenepa, picha ni ileile. Na hizi programu za akili bandia za kukuza picha, kwenye mawingu na majani zinajitahidi, ila kwenye maandishi madogo na sura za watu zinatunga vitu ambavyo havikuwepo.

"Mbona kwenye simu inaonekana safi?" Skrini ya simu ina upana wa kama sm 7, pale karibu kila kitu kinaonekana safi. Kama unataka kujua ukweli fungua kwenye kompyuta, zumu mpaka picha ifike saizi halisi itakayochapishwa, uangalie. Ukurasa mzima wa A4 unataka piseli 2480 kwa 3508. Na ukitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa njiani na mimi napokea mabaki.

Halafu kuna wa upande wa pili, wanaotuma banner ya mita sita ikiwa 300 dpi, faili lina GB kadhaa, kompyuta inaganda. Hiyo 300 imetokana na ofseti ya kawaida, ile mashine kubwa ya kuchapa kwa sahani, yenye mistari 150 ya vidoti vya wino kwa inchi ukazidisha mara mbili, kwa kitu unachokisoma kikiwa mkononi. Gazeti lina mistari michache zaidi, 200 inatosha. Banner ya kutazamwa kutoka mbali, 100 kwenye saizi halisi inatosha na mara nyingi hata chini ya hapo.

Haya, mengine haraka haraka.

"Nimetuma PDF kwahiyo iko sawa." PDF ni mfuko tu, ukitia JPEG mbovu utatoa JPEG mbovu. Hivyohivyo PNG uliyoiburuta ndani ya Illustrator ukaisevu kama .ai, faili la Illustrator, hiyo haijawa vekta, yani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora, muombe aliyedizaini logo akupe faili lake la mwanzo. Mimi nikiulizwa nasema PDF/X-1a, aina ya PDF ya kazi za printi, kwasababu hairuhusu RGB, zile rangi za skrini, na inalazimisha fonti ziwemo ndani, mwenye uzoefu anaweza kutumia PDF/X-4.

"Mmeniharibia rangi." Skrini inatoa mwanga, karatasi ina wino, na ile bluu kali ya RGB ikienda CMYK, yani wino nne za printi, inaelekea zambarau, kijani cha kung'aa kinafifia. Hamna fundi wa kuirudisha kwa wino nne za kawaida, labda ulipie wino maalum kama Pantone. Badilisha kwenda CMYK mapema uone mwenyewe, usisubiri mzigo.

"Blidi ya nini, kateni palepale kwenye mstari." Blidi ni rangi ya ziada inayopita nje ya mstari wa kukata. Kisu hakikati palepale kila karatasi, kinasogea kidogo, bila blidi unapata kimstari cheupe pembeni. Weka mm 3 kila upande, A5 ya 148 kwa 210 inakuwa 154 kwa 216, na maandishi yakae ndani angalau mm 5. Na usiivute dizaini nzima iwe kubwa ili upate hiyo blidi, unasukuma maandishi kwenye kisu, vuta bakgraundi peke yake.

"Nyeusi ni nyeusi." Maandishi madogo yawe K 100 peke yake, yani wino mweusi tu kwa asilimia 100, maana nyeusi iliyotoka RGB inatumia wino zote nne na zikipishana kidogo tu herufi za pointi 6 zinapata kivuli cha rangi. Eneo kubwa ndo unaongezea rangi nyingine kidogo, ila usijaze 100 kwenye wino zote nne, hiyo ni asilimia 400 ya wino, haikauki, karatasi zinachafuana.

Na ile ya "makosa mtarekebisha hukohuko." Tunaangalia blidi, fonti, rangi na rezolusheni. Namba yako ya simu ikiwa imekosewa sisi tutaijuaje? Itatoka hivyohivyo kwenye nakala zote, na prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ulishasaini.