Tuendelee Kwanza, Mazingira Baadaye? Dhana Potofu na Ukweli Wake

“Mazingira ni anasa ya nchi tajiri. Maskini ashibe kwanza.”

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu husemwa kwa jina la maskini mwenyewe. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilitoa hesabu za utajiri wa mataifa. Katika nchi za kipato cha chini, karibu nusu ya utajiri wote ilikuwa maliasili: ardhi ya kilimo, malisho, misitu, madini. Katika nchi tajiri za OECD, yaani shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, maliasili hazikufika hata asilimia 5. Tajiri mto wake ukikauka, bado ana viwanda na majengo ya kuegemea. Maskini anategemea mto wenyewe. Kumwambia aumalize kwanza ndipo aendelee ni kumwambia ale mbegu.

Namna tunavyohesabu nayo inaficha hasara. Msitu ukifyekwa na magogo yakauzwa, pato la taifa hupanda mwaka huohuo. Chemchemi iliyokauka chini ya mlima haitolewi popote katika hesabu hiyo, wala saa anazoongeza mama kufuata maji mbali. Costa Rica waliliona hilo. Miaka ya 1980 misitu yao ilikuwa imeshuka hadi takriban robo ya nchi. Sheria ya mwaka 1996 ikaanza kuwalipa wenye ardhi wanaoitunza, sehemu kubwa ya fedha ikitoka kwenye kodi ya mafuta. Leo misitu inafunika zaidi ya nusu ya nchi, na uchumi haukusimama.

“Umaskini ndio mchafuzi mkubwa.”

Kauli hii ina historia. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Stockholm, Sweden, mwaka 1972, Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India, aliuliza kama umaskini na uhitaji si wachafuzi wakubwa kuliko wote. Swali lake likageuzwa hukumu. Ukiisoma hotuba nzima unakuta alikuwa akiwatetea maskini: huwezi kumwambia mtu aache kuingia msituni kutafuta riziki bila kumwonyesha riziki nyingine. Katika hotuba hiyohiyo alizikumbusha nchi zilizoendelea kwamba nyingi zilitajirika kwa kutawala wengine. Afrika nzima, yenye zaidi ya moja ya sita ya watu wote duniani, hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda.

Lakini tusijifiche nyuma ya takwimu hiyo. Moshi wa jikoni na hewa chafu ya ndani ya nyumba viliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao katika nchi zetu hizi zinazoendelea. Uchafu huo hauhitaji mkutano wa kimataifa ili tuanze kuushughulikia.

“Tathmini ya athari kwa mazingira ni karatasi za kuchelewesha mradi.”

Tathmini hii, yaani kupima madhara ya mradi kabla haujaanza, huwa karatasi tupu pale inapofanywa wakati trekta limeshafika na eneo limeshachaguliwa. Ikifanywa mapema, barabara huhamishwa kutoka kwenye njia ya maji kabla haijasombwa.

“Kuhifadhi mazingira ni kupanda miti.”

Hapa nataka kukaa kidogo, maana fedha na nia njema nyingi hupotelea hapa. Miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipelekwa Baringo, Kenya, ili kuzuia jangwa. Ulishika, ukashika mno. Ulifunga malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wananchi wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama kielelezo.

Huko Maradi, nchini Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa akipanda miche na miche ikifa. Mwaka 1983 aliinama akitazame kwa makini kimojawapo cha vichaka vilivyotapakaa jangwani, akagundua hakikuwa kichaka. Kilikuwa mti uliokatwa, unachipua kutoka kwenye kisiki chenye mizizi hai. Kazi ya kuufufua mti huo haihitaji kitalu wala ndoo ya maji. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili apitaye ajue huu una mwenyewe, unazuia mifugo. Dodoma wanaiita kisiki hai. Wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba. Mmojawapo ni gao, ambao hupukutisha majani msimu wa mvua, hivyo mtama unapata jua na mbolea, kisha kiangazi maganda yake yanalisha mifugo.

Sheria nayo ilibidi ilegee. Zamani mti ulioota shambani Niger ulihesabiwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata aliweza kutozwa faini. Aliona heri aung’oe ungali mche. Alipoanza kuamini kwamba mti ni wake, akauacha ukue.

“Wananchi wakiachiwa msitu wataumaliza.”

Nepal ilitaifisha misitu mwaka 1957, na ikaendelea kukatwa. Sheria ya mwaka 1993 ikaimarisha haki ya vikundi vya watumiaji kuisimamia, na leo viko zaidi ya 22,000. Vyenyewe hupanga zamu za ulinzi, siku za kukata majani na kiasi cha kuni kwa kila kaya. Kati ya mwaka 1992 na 2016 misitu iliongezeka kutoka asilimia 26 hadi 45 ya nchi. Vijana wengi kwenda kufanya kazi ng’ambo kulichangia pia, maana mashamba waliyoyaacha yaliota miti, ila bila vikundi miti hiyo isingekuwa na wa kuilinda. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wanaweza kuitunza mali yao ya pamoja iwapo wana sauti katika kutunga masharti. Lakini pale kijiji kinapopewa zamu za ulinzi tu, kibali cha kuvuna mbao kikabaki ofisini, mlinzi anayesikia msumeno usiku hana sababu ya kuamka.