Nini maana ya kulinganisha vilengeo vya bastola

Mtu akikosa shabaha kwa bastola, la kwanza atakalokuambia ni kwamba mkono ulitetemeka. Mara nyingi anausingizia. Mkono wa kila mtu hutetemeka, hata wa bingwa wa Olimpiki. Kilichomponza kwa kawaida ni vilengeo: havikuwa vimelingana.

Bastola ya shabaha ina vilengeo viwili mgongoni. Cha nyuma, kilicho karibu na jicho, kina pengo la mraba. Cha mbele, penye mdomo wa mtutu, kimesimama kama jino. Kulinganisha ni kuliweka jino katikati ya pengo, mwanga wa kushoto na wa kulia uwe sawa, na ncha ya jino iwe usawa mmoja na kingo za juu za pengo. Basi. Shabaha yenyewe bado sijaitaja, na nimefanya makusudi.

Chukua bastola ya hewa ya mita 10, ile ya Olimpiki, ambayo mshindani huishika kwa mkono mmoja na kupiga risasi 60 ndani ya dakika 75. Tuseme toka kilengeo hadi kilengeo kuna sentimita 30. Mkono mzima ukihama milimita 1 kwenda kushoto, vilengeo vikiwa bado vimelingana, risasi nayo inahama milimita 1 tu. Sasa kifundo cha mkono kipinde kidogo, jino litoke katikati ya pengo kwa milimita 1 hiyohiyo. Hili ni kosa la pembe, nalo linakua kadiri risasi inavyosafiri: kila sentimita 30 za njia zinaongeza milimita 1 nyingine. Ikifika kwenye karatasi imepotoka milimita 33. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Hapo umeambulia 6.

Ndiyo maana walimu wa mchezo huu hukuambia uache mkono uyumbe, ila vilengeo uvichunge. Na jicho lichunge nini? Haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo mbali mbali kwa wakati mmoja. Jaribu kutazama kidole chako na mti ulio nyuma yake: kimoja lazima kififie. Mlenga shabaha hulikazia macho jino la mbele, na duara jeusi la shabaha analiacha liwe ukungu. Kwa anayeanza hili ni gumu kweli, maana moyo unataka kuangalia kule unakopiga. (Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyetwaa medali ya fedha ya timu mchanganyiko kwenye Olimpiki ya mwaka 2024 huku mkono mmoja ukiwa mfukoni, alilenga macho yote mawili yakiwa wazi. Kufumba jicho moja si sharti.)

Kuna zoezi moja lisilotumia risasi hata moja. Ukishahakikisha mara mbili kwamba bastola ni tupu, ielekeze kwenye ukuta mweupe usio na alama yoyote, kisha uvute kifyatulio taratibu. Jino likiruka pengoni wakati wa kuvuta, umeona kosa lako kwa macho. Shabaha ingekufichia kosa hilo.

Dhana hii ndiyo pia ya kuchagulia silaha. Wanaosema mtutu mrefu hupiga sawa hawajakosea sana, ila sababu ni kwamba vilengeo vinakuwa mbali zaidi, na kosa la milimita 1 linazaa pembe ndogo. Mimi ningetazama mshiko kabla ya mtutu. Shika bastola tupu, fumba macho, nyanyua mkono hadi usawa wa jicho, kisha fumbua. Jino likiwa pengoni, mshiko unakufaa. Likiwa limeegemea upande mmoja, kila risasi utaanza kwa kukipinda kifundo ili kurekebisha, na kifundo huchoka. Kifyatulio nacho kisiwe kigumu kiasi cha kuivuta bastola yote pembeni. Kanuni za bastola ya hewa zinataka uzito wa kukivuta usipungue gramu 500.

Katika mashindano, mishiko mingi huchongwa kwa mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Károly Takács, askari wa Hungaria, mkono wake wa kulia uliharibiwa na guruneti mwaka 1938. Akaanza upya kwa wa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 London mwaka 1948, na nyingine Helsinki mwaka 1952.